Daktari wa Chemnitz na kuvumwani za ukutani Mikindani

Asanteni, kaeni. Kabla sijasema kitu naomba huyu binti wa mbele anishikie kisahani. Kilichomo nimekibandua asubuhi kwenye ukuta wa mawe hapa hapa Mikindani, upande wa kivulini, mnakiona kimekauka kama tumbaku, mvua yenyewe tumeagana nayo mwezi wa nne na leo tuko mwezi wa tisa. Namwagia maji kidogo. Kiacheni hapo kwanza.

Watu wananiambia, mzee na ukoga wako. Sio ukoga jamani! Nimesema Newala, nimesema Lindi, nasema tena. Ukoga ni ule utelezi wa kwenye tenki. Hii ni kuvumwani, ina shina, ina majani, inazaa. Ukishaita kila kitu cha kijani ukoga, basi macho yako yameshafunga kazi, hutaangalia tena.

Sasa Johann Hedwig, daktari aliyezichunguza hizi kuvumwani. Kazaliwa 1730 Kronstadt, Transilvania, mji ambao leo unaitwa Brașov uko Romania, kasoma udaktari Leipzig kule Ujerumani, kamaliza 1759, kisha akaenda kuganga watu Chemnitz, mji wa huko huko Ujerumani, miaka kama ishirini hivi. Nisikilizeni nyie mnaokwenda kupangiwa zahanati. Hana kiti chuo kikuu, hana maabara, ana wagonjwa. Asubuhi kabla ya kazi anaokota mimea, jioni akishamaliza wagonjwa ndo anakaa na hadubini yake. Kesho tena. Keshokutwa tena. Miaka!

Na swali lake lilikuwa moja tu, hawa wadogo wanazaaje? Kuvumwani haina ua. Ina kile kikombe kidogo kinachosimama juu ya kijiti, na Linnaeus mwenyewe, bingwa wa mimea wa dunia nzima enzi hizo, alishasema kikombe kile ni kiungo cha kiume. Nani abishe? Daktari wa wagonjwa wa Chemnitz kabisha, kwa sababu yeye alikuwa anaangalia. Kaona vifuko vya kiume viko chini, katikati ya majani, kaona na vya kike, kama vichupa vyenye shingo ndefu, na kikombe kinakuja baadaye, ndo mtoto wa ile ndoa. Akachukua ule unga wa ndani ya kikombe akaupanda, ukaota. Unaona ubishi wa mtu aliyefanya kazi? Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg kule Urusi ikampa tuzo, kazi ikachapishwa huko huko 1784. Leipzig alishahamia 1781, na uprofesa wa botania kapewa 1789, mtu ana miaka karibu sitini.

Kuna mtu pale nyuma najua anataka kuuliza, inatibu nini? Kila ninapokwenda lazima liulizwe. Haya, aina moja inaitwa sphagnum ilifungiwa vidonda vya askari Vita ya Kwanza ya Dunia maana inanyonya maji kupita pamba. Umeridhika? Mimi sijaridhika, kwa sababu Hedwig hakuwa anatafuta dawa, na nyie mkingoja kitu kiwe dawa ndo mkiangalie mtapita juu ya nchi nzima bila kuiona. Mwingine atasema yule alikuwa Mzungu ana vifaa. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi inatosha kuona meno kwenye mdomo wa kikombe, na Hedwig alizipanga jamii za kuvumwani kwa meno hayo hayo, yanakwenda kwa nne nne, 4, 8, 16, mengine mpaka 64. Hesabu meno basi! Hilo nalo linahitaji mfadhili?

Binti, inua kisahani wenzio waone. Mnaona? Dakika hazijafika kumi na majani yameshafunguka, kijani kabisa. Haikufa. Haina mizizi ya kunyonya chini, inakunywa kwa majani, ikikosa maji inasimamisha kila kitu inangoja. Mbegu ya kiume nayo inaogelea, kwa hiyo bila tone la mvua hakuna ndoa.

Muda naambiwa umekwenda, kile kitabu kikubwa cha Hedwig cha kuvumwani niseme tu kilitoka 1801, yeye keshafariki 1799, na mpaka leo majina ya kuvumwani za dunia nzima, ukitoa hiyo sphagnum, yanahesabiwa kuanzia hapo.

La mwisho linaniuma. Nilipokuwa zahanati kule uwanda wa Makonde nilijaza katoni zima la vipande nimevifunga kwa magazeti, misimu ya mvua mitatu, sikuandika tarehe, sikuandika kijiji, nikijiambia nitakumbuka. Mtaalamu nilipompelekea alivigeuza geuza akanirudishia, kwamba havina kwao. Ile mikorosho mingine niliyobandulia haipo tena, imekatwa.

Ndo maana mlangoni nimeweka bahasha za khaki na penseli, penseli sio peni, wino ukiloa unapotea. Kila mtu achukue tano. Andika kijiji, tarehe, na imeota juu ya nini, jiwe au gome au udongo, andika kabla hujabandua. Binti, wewe chukua kumi.