Usimruhusu Fundi Afute Windows.old

Mhadhara kwa wenye steshenari, walimu na mafundi kompyuta, Tabora

Habari za asubuhi. Walimu mliotoka Urambo na Sikonge, poleni na safari. Sitaeleza Windows 11 ni nini wala kitu gani kimehamia wapi. Mnaiona kila siku. Kitufe cha Start kikikukera pale katikati, mipangilio ya taskbar inakirudisha kushoto mara moja, tuendelee.

Ninachotaka kusema nimeshakisema sana, na nitakisema tena mpaka kieleweke. Tangu 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipofika mwisho wa kuhudumiwa, mazungumzo kwenye steshenari za mji huu ni yaleyale. Mteja anasema: nimeapgredi juzi, mashine imekuwa nzito, nisaidie. Fundi anaangalia kidogo, anafuta-futa vitu "ipumue", haipumui, halafu anatoa hukumu: iache hapa, tuipige windo upya. Mwalimu anaondoka, anarudi jioni, anapewa mashine nyepesi isiyo na mitihani ya miaka 4. Ndugu zangu, hili linaniuma kwa sababu halikuwa na ulazima wowote.

Mashine inapopandishwa kutoka 10 kwenda 11, mfumo wa zamani haufutwi. Unahifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, ndani ya diski C. Folda hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi. Unaingia Settings, unachagua System, kisha Recovery, unabonyeza Go back, na Windows 10 yako inarudi na programu zake kama ulivyoiacha. Faili zako haziguswi. Utakachopoteza ni programu ulizoweka na mipangilio uliyobadilisha baada ya kupanda. Lakini tiketi ina muda: siku 10. Zikipita, Windows yenyewe inaifuta folda ile na njia inafungwa. Kuanzia hapo kurudi nyuma ni kupiga windo upya tu, programu ya mauzo ya duka ianze sifuri, na kama aliyekuwekea alishahama mji, umekwama.

Sasa angalieni fundi anavyoichana tiketi siku ya pili. Anafungua Disk Cleanup, anaona mstari wa Windows ya zamani, pembeni umeandikwa GB 15 au 20 na zaidi, macho yanamtoka. Anaweka tiki, anafuta, anamwambia mteja nimekutolea mzigo. Mzigo gani? Faili isiyosomwa haitumii RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, haitumii prosesa, imelala kwenye diski kama gunia lililo stoo. Kama diski C imejaa kweli, imebakiza GB 3 au 4, hapo utaona uzito, lakini dawa yake ni kuhamishia muvi na video za harusi kwenye diski ya nje. Windows.old iache.

Na kama siku 10 hazitoshi, zinaongezwa. Fungua Terminal kama msimamizi wa mashine, andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Umepata siku 60, na huwezi kuzidisha hapo. Sharti ni kwamba amri hii iandikwe kabla zile 10 hazijaisha. Siku ya 11 haisaidii kitu, folda haipo. Na msifungue akaunti mpya za watumiaji kwenye mashine katika kipindi hicho, kwa sababu kurudi nyuma kutakutaka uzifute kwanza.

Tuje kwenye huo uzito, maana ndio chanzo cha yote.

Mashine iliyotoka kupandishwa inaonekana imemaliza. Hebu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha bonyeza kichwa cha safu ya Disk ili wenye kula sana wapande juu. Utakuta kazi tatu au nne zinaendelea kwa wakati mmoja. Kuna anayepanga faharasa ya faili zako ili ukitafuta jina alipate haraka. Kuna kinga ya virusi inayokagua faili. Kuna masasisho mengine yanashuka na kujipachika, na kuna duka la programu linaloleta matoleo mapya ya Photos, Calculator na wenzao. Wote hao wanaitaka diski.

Kama diski yako ni SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hayo yanaendelea hata hujashtuka. Kama ni hadi disiki ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, nisikilizeni vizuri. Nyingi za kwenye laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kusubiri kipande unachokitaka kifike chini ya kichwa cha kusomea ni wastani wa milisekunde 5 na nusu, ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea, kama 12. Jumla inakaribia 18. Gawanya sekunde moja kwa hizo, unapata maombi 55 hivi kwa sekunde ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Hamsini na tano! SSD ya kawaida inajibu makumi ya maelfu.

Sisi watu wa Tabora tunaielewa hali hii kuliko wengine kwa sababu tumekulia kwenye reli. Reli ya kati ile ya zamani ni njia moja. Treni ya Kigoma na ya kutoka Dar zinapokutana, moja inaingia pembeni kwenye stesheni inasubiri kupishana. Injini yake inaweza kuwa mpya kabisa, dereva hodari, lakini itasimama palepale mpaka mwenzake apite. Hadi disiki ni njia moja. Faharasa inaomba kupita, kinga ya virusi inaomba kupita, masasisho yanaomba kupita, na wewe na Word yako mko pembeni mnasubiri kupishana. Ndiyo maana unaona Disk imesimama kwenye asilimia 100 wakati prosesa iko 12. Mtu anasema "prosesa imechoka". Haijachoka, inasubiri.

Kwa hiyo usiihukumu mashine siku ya kwanza. Iache imalize. Ichomeke kwenye umeme, zuia isilale, iache usiku kucha, usiku mmoja au miwili kwa SSD, mitatu au zaidi kwa hadi disiki yenye faili nyingi. Najua kuna anayefikiria LUKU. Kompyuta ya mezani isiyofanya kazi nzito inakula wati 50 hadi 80. Saa 8 za usiku ni takriban nusu uniti. Laptopu ni chini ya hapo. Nusu uniti na kupoteza mitihani ya miaka 4, chagua.

Utaniambia, mbona Windows 10 haikuwa hivi kwenye mashine hiihii? Ilikuwa hivi. Wiki yake ya kwanza ilipanga faharasa vilevile, umesahau kwa sababu ilishamaliza zamani. Huwezi kumlinganisha mtu aliyeishi kwenye nyumba miaka 5 na yule ambaye maboksi yake bado yako sebuleni.

Ila sisemi uzito wote utaisha. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 kwa uchache, na hicho ni kiwango cha kuiwezesha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Ikishawaka yenyewe inachukua zaidi ya nusu. Ukifungua kivinjari chenye kurasa 8, RAM imejaa, ziada inamwagwa kwenye diski, na kama diski ni ile ya njia moja, tumerudi kulekule. Mashine ya GB 4 na hadi disiki itabaki nzito hata siku ya 50. Huyo mwambieni ukweli mapema: aweke SSD, aongeze RAM ifike 8, au abonyeze Go back kabla ya siku ya 10. Kwa maoni yangu SSD itangulie, tofauti yake utaiona kabla hata hujafungua Word.

Akirudi Windows 10, asikae bila kinga. Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa mashine zenye toleo la 22H2. Njia isiyo na malipo ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuwasha uhifadhi wa mipangilio, njia nyingine ni dola 30. Mlango wa kujiunga uko ndani ya ukurasa uleule wa Windows Update.

Kuna wenye Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6 ambao wamepandishwa kwa njia ya kuruka ukaguzi. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Andika tpm.msc kwenye Run uone yako. Kuruka ukaguzi kunawezekana, mafundi mnajua, lakini Microsoft haimhakikishii mtu huyo kwamba masasisho yatafika. Mweleze mteja kabla hujapokea hela yake.

Bando. Faili zima la kusakinishia ni zaidi ya GB 5, na wiki ya kwanza mashine inaendelea kuvuta vingine kimyakimya. Ukitumia hotspot ya simu, fungua sifa za mtandao huo na uwashe Metered connection, masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Hii ni kwa kila mtandao peke yake: ukiwasha kwa simu yako haihesabiki kwenye simu ya mumeo. Steshenari yenye mashine 5 msishushe mara 5. Shusheni ISO moja, yaani hilo faili zima la kusakinishia, nakilini yaliyomo kwenye flashi ya GB 8, mwendeshe setup mkiwa ndani ya Windows na mchague kubakiza faili na programu. Mtakwama sehemu moja: flashi iliyoformatiwa kwa mpangilio wa FAT32 inakataa faili moja linalozidi GB 4, na ndani ya ISO limo. Mtaambiwa faili ni kubwa mno kwa flashi hiyo wakati flashi ni tupu. Iformatini kwa NTFS kwanza, kazi iende. Na kompyuta ya mezani isiyo na UPS isianze safari hiyo siku ambayo umeme unakatika-katika. Inajizima na kuwaka mara kadhaa, ikikatwa katikati mara nyingi inajirudisha yenyewe nyuma, lakini si kila mara.

Wale wanaosema faili za Desktop zimepotea, tulieni kabla hamjalia. Wakati wa kupanda au siku chache baadaye, OneDrive inaomba kuhifadhi folda zako, watu wanabonyeza kukubali bila kusoma. Faili zinahamia ndani ya folda ya OneDrive, humo kuna Desktop nyingine. Ziko huko, na kama zilishapanda mtandaoni bando lako limeliwa. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inaanza kupiga kelele za kununua. Ukiizima, zirudishe mwenyewe kwa kuzihamisha, usizifute kule ukidhani ni nakala.

Nimeonyeshwa saa, kwa hiyo printa ni haraka. Ikiacha kuskani au kuchapa pande mbili baada ya kupanda, Windows imeipa draiva ya jumla, yaani programu ya kuiendesha isiyo yake hasa. Ondoa printa, weka draiva kutoka kwa mtengenezaji wake, na zima ile ya Windows kuchagua printa kuu, ndiyo inayotuma kazi za wateja kwenye printa iliyozimwa. Kompyuta ya mezani ambayo tovuti zote zinakataa kufunguka, tazama tarehe. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekufa, saa imerudi nyuma miaka, Windows haina kosa. Betri ya laptopu inayoisha haraka: andika powercfg /batteryreport kwenye Terminal, fungua ripoti, linganisha uwezo wa kiwandani na unaojaa sasa. Ukikuta umeshuka chini ya nusu, ilikuwa imechoka kabla hujapanda. Habari ya BitLocker, ile kufuli ya diski, na ule ufunguo wake wa tarakimu 48 inataka siku yake, leo niseme tu kila mmoja auandike kwenye karatasi.

Waliopandisha mashine zao wiki hii na wiki iliyopita wabaki. Washeni laptopu, fungueni diski C, angalieni kama Windows.old ipo. Mwenye siku ya 9 aje mbele kwanza na chaja yake.