Nyasi za Turia

Leo naomba nisiulizwe habari za Malkia Durgavati. Kila nikisimama kuwazungumzia wanawake wa Kigondi, wale wa misitu ya katikati ya India, mtu hunyanyua mkono: "Lakini si walikuwa na malkia aliyepigana na jeshi la Akbar, mfalme wa Wamughal?" Walikuwa naye, akafa 1564. Mimi nazungumzia wale walioishi chini ya Mwingereza. Hao hawakuwa na ngome wala tembo wa vita. Walikuwa na mundu na kikapu.

Chukueni mwezi wa tatu. Mti wa mahua hudondosha maua yake usiku, na kukicha chini pameshajaa: meupe ya unjano, manene, matamu. Siku kadhaa nyuma mama amekwisha kupafagia pale chini na kuchoma majani makavu, ua lisije likampotea kwenye takataka. Anadamka giza halijaisha, maana dubu naye anayapenda hayo maua, na akichelewa atamkuta mwenziwe mezani. Anainama, anaokota moja moja, mpaka jua linakuwa kali. Kisha anayaanika uani hadi yanasinyaa na kuwa kahawia kama zabibu kavu. Hupikwa pamoja na nafaka, hushikilia roho miezi ya njaa, hubadilishwa kwa chumvi, na pombe hutoka humo humo. Mbegu nazo hukamuliwa mafuta. Kuna bwana aliwahi kuniambia kuokota maua si kazi. Nikamwambia, haya, kaokote kikapu kimoja, kisha kiuno chako kije kitusimulie.

Najua, nimeganda kwenye mahua, kama kawaida yangu. Lakini bila mahua hiyo Sheria ya Misitu ya 1878 mtaisoma kama karatasi tu. Serikali ilijipa uwezo wa kuufanya msitu kuwa hifadhi, na ndani ya hifadhi kuni, nyasi, majani na matunda vikahitaji ruhusa. Hebu itazameni hiyo orodha! Ni shughuli za mama tangu asubuhi hadi jioni, zimegeuzwa makosa. Pombe ya mahua nayo ikatiwa kodi na leseni, nyumba iliyopikia harusi yake yenyewe ikawa na la kujibu.

Ndiyo maana nakasirika mauaji ya kijiji cha Turia yakisimuliwa kama tawi la siasa za Gandhi, basi. Oktoba 9, 1930, wilaya ya Seoni, watu waliingia hifadhini kukata nyasi makusudi, kuivunja sheria. Polisi wakafyatua risasi. Wakafa wanne: mwanamume mmoja, wanawake watatu. Watatu! Na majina yao? Kitabu hiki kinamwita mmoja Muddo, kile kinamwita Guddo. Mtu anakufa kwa ajili ya nyasi, hata jina lake hatukubaliani lianze na herufi gani.

Nilitaka kugusa kilimo cha kuhamahama kilichopigwa marufuku, kazi za kulazimishwa zisizo na ujira, na uasi wa 1910 huko Bastar, nako ni katikati ya India, ambao nao chanzo chake kimojawapo ni hifadhi za misitu. Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali? Wewe wa nyuma, ndiyo... Hapana, ndugu yangu. Nilisema Durgavati sijibu.