Fainali Kumi Mfululizo: Mhadhara Kuhusu Klabu ya Varese

Mabibi na mabwana, waandaaji waliniomba nizungumzie klabu moja ya mpira wa kikapu ya Italia, na nadhani walitarajia Milano au Bologna. Mimi nimewaletea Varese.

Varese ni mji wa watu wapatao 80,000, kaskazini mwa Milano, karibu na mpaka wa Uswisi. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1945, vita vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha. Kuanzia 1970 hadi 1979 ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kila mwaka. Narudia, maana naona wengine mnatazamana: kila mwaka, fainali kumi mfululizo. Ilishinda tano.

Ukiuliza waliwezaje, jibu la haraka ni pesa, na kweli pesa zilikuwepo. Katika kijiji jirani cha Comerio kulikuwa na kiwanda cha Ignis cha bwana Giovanni Borghi, mtengenezaji wa majiko na majokofu. Italia ya miaka ya 1950 ilikuwa inatoka kwenye umaskini wa vita, kila familia inataka jokofu, na Borghi akawauzia. Alipenda michezo kupita kiasi. Alidhamini baiskeli, alidhamini ngumi, na timu ya kikapu ya Varese akaipa jina la kampuni yake. Watu wakaishangilia Ignis, wamevaa rangi ya njano, na jokofu la Ignis liko jikoni. Tangazo gani la biashara lingeshinda hilo?

Lakini wenye pesa walikuwa wengi Ulaya. Real Madrid walikuwa nazo, na CSKA Moscow walikuwa na jeshi zima nyuma yao. Kwa maoni yangu siri ya Varese ni watu wawili.

Wa kwanza ni Aleksandar Nikolić, kocha kutoka Yugoslavia, aliyefika mwaka 1969. Walimwita Profesa. Alikuwa mkali wa mazoezi na ulinzi, na hakuwa na muda wa mbwembwe. Msimu wake wa kwanza tu, kule Sarajevo, Varese iliifunga CSKA 79 kwa 74. Alikaa miaka minne, akafika fainali nne, akachukua vikombe vitatu. Cha mwaka 1972 kilipatikana Tel Aviv kwa pointi moja, 70 kwa 69, dhidi ya Jugoplastika ya Split.

Wa pili ni Dino Meneghin. Kijana mkubwa wa mwili, mrefu zaidi ya mita mbili, aliyeingia timu ya wakubwa akiwa na miaka 16. Alicheza chini ya kikapu, pale ambapo viwiko vinazungumza kuliko refa, na hakuna aliyemsogeza kirahisi. Makocha walibadilika: Nikolić akaondoka, Sandro Gamba akaja na kushinda mwaka 1975 na 1976. Wadhamini nao walibadilika: Ignis ikatoka, kampuni ya samani ya Mobilgirgi ikaingia. Meneghin alikuwepo katika fainali zote kumi.

Pembeni yake alikuwepo Manuel Raga, Mmeksiko asiye mrefu sana kwa vipimo vya mchezo huu, ila akiruka utadhani kuna mtu anamvuta kwa kamba. Mwaka 1970 klabu ya Atlanta Hawks ya Marekani iliwachagua yeye na Meneghin katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, jambo lisilo la kawaida kabisa enzi zile. Hakuna aliyekwenda. Halafu mwaka 1972 akaja Bob Morse, Mmarekani mpole mwenye mkono wa ajabu, aliyefunga kutoka mbali miaka ambayo mstari wa pointi tatu haujachorwa Ulaya. Mitupo yake yote ilihesabiwa mbili mbili. Nikiifikiria hesabu hiyo namwonea huruma.

Kushindwa kwao nako kuna utamu wake. Mwaka 1977, Belgrade, Maccabi Tel Aviv waliwafunga 78 kwa 77. Pointi moja iliyowapa Varese kombe kule Tel Aviv mwaka 1972, watu wa Tel Aviv wakaichukua. Na fainali ya kumi, Grenoble 1979, wakakutana na Bosna, timu ya Sarajevo, mji ule ule walikoanzia ushindi. Žarko Varajić wa Bosna alifunga pointi 45 peke yake. Matokeo: 96 kwa 93.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Borghi alikuwa amefariki mwaka 1975. Meneghin akahamia Milano, na huko akatwaa tena Ulaya mwaka 1987 na 1988. Varese ikaingia miaka ya kupanda na kushuka daraja, hadi 1999 ilipotwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kumi chini ya kocha Carlo Recalcati, ikiwa na Gianmarco Pozzecco, mpiga chenga asiyeambilika, na kijana anayeitwa Andrea Meneghin. Ndiyo, mtoto wa Dino.

Siku hizi anayeiongoza ni Luis Scola, Mwargentina mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 2004, aliyemalizia uchezaji wake papo hapo Varese na kuhamia ofisini. Kazi si nyepesi: msimu wa 2022/23 klabu ilikatwa pointi 16, rufaa ikazipunguza hadi 11, na timu ikapambana hadi ikabaki ligi kuu. Haya, tupokee maswali.