Huyu Msomaji ni wa Wapi? Neno la Kusikiliza kwa Kiladakhi

Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wangu, wachungaji, akina mama na vijana wa kwaya, leo nawapeleka mbali: Leh, mji mkuu wa Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Najua kuna anayejiuliza, Rungwe na Ladakh wapi na wapi? Ni ndugu wa tumbo moja. Wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo Leh mwaka 1885. Miaka 6 baadaye, 1891, wenzao wakafika hapa kwetu Rungwe. Sisi tukaongezeka mpaka Tanzania ikawa na Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Wao, katikati ya Wabudha na Waislamu, wamebaki kundi dogo sana. Ndiyo maana habari ya Neno la kusikiliza, yaani Biblia iliyorekodiwa kwa sauti, kwa Kiladakhi inanigusa kama habari ya nyumbani.

Kiladakhi ni ndugu wa Kitibeti na huandikwa kwa herufi zilezile. Tahajia yake ni ya zamani mno. Chukueni neno shoka. Kwa maandishi ni "stare". Mtu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, haitamki ile "s" ya mwanzo, anasema "tari". Mtu wa Leh anaitamka vilevile ilivyoandikwa, "stare". Na mchele? Leh wanasema "das", Purik upande wa Kargil wanasema "bras", na maandishi ni yaleyale. Ukurasa una huruma: kila mtu anausoma kwa ulimi wa mama yake. Ukishaingiza sauti kwenye kadi ya memori, umechagua ulimi mmoja, na wengine wote watausikiliza huo.

Hili jambo nimelionja mwenyewe. Tulikuwa tunarekodi Neno kwa Kinyakyusa, msomaji ni kijana aliyekulia mjini, sauti nzuri, hakosei hata nukta. Tukampelekea mzee mmoja asikilize. Alisikiliza sura nzima, akavua zile spika za masikioni taratibu, akauliza: "Huyu kijana ni wa wapi?" Alikuwa ameelewa kila neno. Lakini aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mgeni. Siku ile sikulala vizuri.

Wenzetu wa Ladakh wametembea njia ndefu na Biblia. Mmisionari Jäschke alifika Himalaya mwaka 1857 akaanza kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Kitibeti ikachapwa mwaka 1948, miaka miwili baada ya kufariki Yoseb Gergan, Mkristo wa Ladakh, aliyebeba mzigo mkubwa wa Agano la Kale. Lugha ya Biblia hiyo ni ya kitabu, lugha ya wasomi. Kabla ya hapo Francke, mmisionari yule aliyeanzisha gazeti Leh mwaka 1904, alikuwa ameitoa Injili ya Marko kwa Kiladakhi chenyewe. Ukazuka ubishi ambao haujaisha: lugha ya dini wanaiita "choskat", lugha ya kila siku "phalskat", na wapo wanaoona kuiandika hii ya pili ni kuchafua maandishi matakatifu. Mimi nawaelewa. Watu wanaozunguka mashamba yao majira ya kupanda, wamebeba vitabu vya dini migongoni ili mazao yabarikiwe, hawawezi kuchukulia tahajia kama mchezo.

Lakini sauti haina tahajia! Na kusikiliza si jambo geni kule. Mwalimu wa Kibudha humsomea mwanafunzi kitabu kwa sauti, na bila kukisikia hivyo mwanafunzi hahesabiwi kuwa amekipokea. Majira ya baridi, mabonde yakizibwa na theluji, watu hukaa jikoni kuzunguka jiko na kusimuliana habari za mfalme Kesar. Tangu 1971 redio ya Leh inazungumza lugha yao. Masikio yako tayari zamani.

Kazi iko kwa msomaji. Kiladakhi kina adabu yake: unayemheshimu unamwongezea "le" mwishoni, mama ni "ama-le", na hata kitenzi cha kula hubadilika kikiwa cha mkubwa. Basi Petro akimjibu Yesu, sauti ipande au ishuke? Na jina la Mungu? Biblia ya Kitibeti ilichukua "Konchok", neno ambalo jirani Mbudha analisikia kama vito vitatu vya dini yake, na jirani Mwislamu wa Purik anasema "Khuda". Kwenye karatasi msomaji anaweza kutua akafikiri. Kwenye sauti neno limeshapita.

Ningekuwa na uwezo, ningeomba hivi. Kabla hatujahifadhi Mathayo sura ya 3, pale Yohana anaposema shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, tuende kijiji kimoja cha Sham, upande wa chini wa Ladakh, wakati wa baridi. Tumtafute ama-le mmoja asiyesoma, aliyekaa karibu na jiko anasokota sufu. Tusimweleze kitu, tubonyeze tu. Vidole vyake vikiendelea na uzi huku anaitikia kwa kichwa, twende sura ya 4. Akiuacha uzi akatugeukia kuuliza huyu msomaji ni wa wapi, tufute, tutafute ulimi mwingine, turudi tena kwake.