Msiniulize tena bei ya pikipiki ya Kenya, nimejibu humu

Haya wapendwa, habari zenu. Tangu mmeiona hii pikipiki ya namba za Kenya nimeiegesha hapa Bwiru, Mwanza, komenti ni swali moja tu: "Dada, eti Kenya ni rahisi? Imekugharimu ngapi mpaka Mwanza?" Najibu leo nimalize. Na nyie wa "Kisumu nako ni ughaibuni?" nawaona. Naishi Kisumu, nalipa kodi ya nyumba kwa shilingi ya watu, na kibali cha kazi natembea nacho. Niacheni na ughaibuni wangu.

Bei sitaji. Nikitaja ndogo mtasema nadanganya, nikitaja kubwa mtasema naringa. Ila hiyo mnayoiita rahisi ni bei ya Kisumu. Ukiiingiza Tanzania ibaki moja kwa moja, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ikiwa imeshabebeshwa ule ushuru. Hapo mjuaji mmoja ataniambia, "Si Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu 2005?" Ni kweli. Lakini nafuu ya ushuru ndani ya umoja huo inataka cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuonyesha imetengenezwa humu humu Afrika Mashariki, na mimi nimenunua mkononi kwa mtu. Cheti ningekitoa wapi?

Kwa hiyo mimi sijaiingiza. Naishi Kisumu na yenyewe inaishi Kisumu. Huku imekuja kusalimia tu, kwa kibali cha muda cha pale mpakani Sirari na kadi ya njano, ile bima ya kuvuka mipaka ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ndiyo, Tanzania tulitoka COMESA mwaka 2000, lakini kwenye hiyo bima tumo.

Mpaka wenyewe haukunisumbua, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Kilichonizeesha ni logbook, yaani kadi ya umiliki ya Kenya. Aliyeniuzia hakuwahi kuihamisha kutoka kwa aliyemuuzia yeye. Hela keshakula, simu inaita tu haipokelewi. Kule uhamisho unafanyika mtandaoni: mwenye jina anaanzisha, mnunuzi anakubali. Sasa mwenye jina mwenyewe yuko Mombasa na hana haraka. Nilipiga mpaka mkewe akapokea kwa ukali. Nikamwambia, "Shemeji, mimi natafuta logbook, simtafuti mume." Akacheka, na ndiye aliyemsimamia jamaa mpaka akabonyeza.

Halafu kwenye grupu la ukoo mtu anaandika, "Hela ya pikipiki anayo, mchango wa harusi hana." Mchango nilitoa! Meseji ya muamala ninayo. Tuendelee.

Kuendesha. Wa zamani mnanijua, nilikuwa na pikipiki ya ofisi kule Misungwi, baadaye nikaacha miaka mingi. Mguu umezikumbuka gia vizuri. Vidole vya klachi ndivyo vilivyoniaibisha kwenye milima ya Kisii. Ila shule yenyewe niliikuta nimeshapita Bunda, kuja Lamadi, mchana. Upepo wa ziwa unakupiga ubavu wa kulia, nawe unailaza pikipiki kidogo kuuelekea. Linakuja lori, linauziba ule upepo ghafla, na pikipiki iliyolala kulia inataka kwenda huko huko kulia, kwenye lori. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo. Nilichofanya ni kusogea kushoto mapema na kulegeza mikono, maana ukikaza ndiyo inayumba zaidi. Helmeti na mwendo mnajua, siwahubirii.

Magu nimesimama ninywe chai, kijana wa bodaboda ananiuliza, "Mama, dereva yuko wapi?" Nikamwonyesha helmeti yangu.

Hayo ni ya kwangu, mwingine yatamwendea tofauti. Ila anayetaka pikipiki ya biashara, kwa maoni yangu anunue huko huko Mwanza, yenye kadi itakayosoma jina lake. Na msinitumie hela niwaletee, sileti.

Kibali kina tarehe ya mwisho, Jumapili nageuza. Shangazi wa Kirumba, mchele wa kupeleka Kisumu nitabeba kilo tano. Gunia hapana, pikipiki siyo fuso.