Toi za mtoto tayari ziko nyumbani kwako

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, kina mama na kina baba wa Nkuhungu habari za asubuhi. Nyie kina baba mliosimama mlangoni sogeeni mbele, leo mnahusika sana.

Desemba 2021 hapahapa Dodoma serikali ilizindua ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, kuanzia sifuri mpaka miaka 8, na humo kujifunza mapema kumewekwa pamoja na afya, lishe na usalama. Sasa mzazi akisikia mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa ajifunze anawaza ada, anawaza toi za dukani zenye betri, mwingine anampa simu aangalie katuni atulie. Jamani, Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2019, wa mwaka mmoja skrini haishauriwi kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mtoto huyo anataka mtu wa kumjibu.

Chukua mlenda. Ukikaa kuchambua muweke pembeni mpe majani yake, muache achume, achane, we mwambie tu hili kubwa, hili dogo, hili limetobolewa na mdudu, alafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo penye kazi, maana wengi tunaongea mfululizo mtoto hapati zamu. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, utaona anaonyesha kidole, anatoa kasauti, labda anasema "bwa", na wewe unamjibu eeh, jani kubwa! Akikupa jani lipokee, sema asante, mrudishie. Hiyo nipe nikupe ndo inamkuza kuongea, na kama nyumbani mnaongea Kigogo basi ongea nae Kigogo, usiogope eti atachanganyikiwa, lugha mbili mtoto anazimudu vizuri tu.

Wa mwaka na kidogo anapenda mno kutumbukiza vitu, kwa iyo tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko, toboa tundu kubwa, mpe magunzi mazima. Atatumbukiza, atatikisa, atamwaga, ataanza upya, utachoka wewe yeye bado, na hapo mkono na jicho vinazoea kufanya kazi pamoja. Mdogo zaidi mfichie kikombe chini ya kanga akiwa anaona, muulize kiko wapi? Na huyu wa miaka miwili na nusu changanya ndala za familia nzima atafute pea, za bibi zipi, za baba zipi.

Hapa nisikilizeni vizuri: chini ya miaka 3 asichezee mbegu za ubuyu, karanga, punje za mahindi wala vifuniko vya soda, vinaingia puani, vinakaba koo. Kitu kinachopita kwenye kale kabomba ka katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Na ndoo za maji tunazojaza kwa ajili ya siku maji yakikatika zifunikwe kila mara, maji kidogo tu yanamzamisha mtoto.

Kina baba, hizo ndala ni za kwenu, jioni ukirudi kaa nae chini dakika kumi, simu iache ndani. Haya maswali sasa, mama mwenye mtoto mgongoni pale, anza wewe.