Kantri, Roki na Yule Jamaa wa Pembeni

[Muziki wa kufungulia]

REHEMA: Karibuni tena. Mimi niko Nairobi, mvua imeamua kunyesha saa hii hii, kwa hivyo mkisikia mabati mtuvumilie. Barasa yuko Louisville, Kentucky. Lori umeliegesha?

BARASA: Nimeliegesha, nimekula, nimekaa. Habari za huko, dada?

REHEMA: Njema, ila nina kesi na wewe. Juzi uliniambia kwenye simu kwamba sisi Wakenya tunapenda muziki wa kantri wa Marekani lakini hatujawahi kuusikia. Nikanyamaza kwa heshima. Leo rudia hapa watu wote wasikie.

BARASA: (anacheka) Narudia. Tunaipenda kuliko Wamarekani wengi ninaofanya nao kazi. Lakini tumeisikia nusu.

REHEMA: Nusu gani? Mimi nimelelewa na Jim Reeves! Jumapili mchana, sare za shule zinapigwa pasi, redio iko juu ya kabati, Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton. Mzee akiwa na mawazo ni Don Williams tu, na hakuna anayethubutu kubadilisha stesheni.

BARASA: Na wote hao ulisikia nini? Sauti. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville, mji wa Tennessee ulio kitovu cha kantri, Julai 1964. Mimi na wewe tumemjua kwa santuri na redio peke yake. Na santuri za Nashville za miaka ile zilirekodiwa makusudi hivyo: fidla ikapunguzwa, magitaa yakalainishwa, nyuma wakawekwa waitikiaji, ili mwimbaji awe kama anakunong'oneza. Ukiingia ukumbini unakuta mwimbaji ni mmoja tu kati ya watu saba wanaofanya kazi. Mimi siku hizi mwimbaji simwangalii sana.

REHEMA: Unaangalia nani?

BARASA: Yule jamaa wa pembeni aliyekaa.

REHEMA: Haya, subiri. Tupeleke kwanza ukumbini, tufike kwa huyo jamaa tukiwa tumekaa.

BARASA: Nashville si mbali na hapa, ni saa mbili na nusu, tatu hivi kwa barabara. Pale mjini kati kuna ukumbi unaitwa Ryman. Ulijengwa kuwa nyumba ya mahubiri, ukafunguliwa 1892, na mpaka leo unakalia mabenchi ya kanisa. Mbao tupu, mgongo unauma, madirisha ya vioo vya rangi. Watu 2,300 na ushee tu. Kipindi cha Grand Ole Opry kilikuwa humo kuanzia 1943 hadi 1974, kisha kikahamia jumba jipya nje ya mji.

REHEMA: Kipindi? Mimi nilidhani Opry ni jengo.

BARASA: Ni kipindi cha redio, na ndiyo raha yake. Kilianza tarehe 28 Novemba 1925 kwenye stesheni ya WSM, na bado kinarushwa moja kwa moja. Kwa hivyo ukikata tiketi unakwenda kukaa ndani ya kipindi cha redio. Mtangazaji amesimama kando ya jukwaa na karatasi zake, anasoma tangazo la biashara mbele yako, watu wanapiga makofi...

REHEMA: Ngoja. Nimelipa kiingilio nikasikilize matangazo ya biashara?

BARASA: Na utayafurahia! Kwa sababu wakati anasoma, nyuma yake bendi moja inatoka na nyingine inaingia, mtu anachomeka waya, mwingine anasogeza kiti. Hakuna anayejifanya huoni. Kila msanii ana nyimbo mbili, tatu, basi, anampisha mwenzake. Bibi wa miaka themanini anafuatwa na kijana ambaye mikono inamtetemeka kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza. Pale kwenye kipaza sauti kuna duara la mbao, upana wake kama futi sita, walilikata kutoka jukwaa la Ryman wakalipachika kwenye jumba jipya. Nimeona wasanii wakiangalia chini kabla ya kulikanyaga.

REHEMA: Hapo umenigusa kidogo. Lakini niulize swali ambalo watu wetu wote huuliza: mtu mweusi akienda huko anaangaliwa vipi?

BARASA: Mimi? Wananiuliza nimetoka wapi, nikisema Kenya wanashangaa kwamba najua maneno ya nyimbo. Basi. Lakini swali lako lina historia, na historia yenyewe si nzuri. Mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa Opry alikuwa Mweusi, DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo. Alikuwa anaigiza treni kwa pumzi: inaondoka stesheni, inashika kasi, inapiga honi, inapotelea mbali, yote kwa kile kinanda kidogo cha mdomoni. Alipiga usiku ule wa 1927 mtangazaji alipokipa kipindi jina hilo la Grand Ole Opry. Mwaka 1941 wakamwachisha. Akaishi kwa kung'arisha viatu, hapohapo Nashville.

REHEMA: Mji uleule?

BARASA: Mji uleule. Alikufa 1982, akaingizwa kwenye jumba la heshima la kantri 2005. Na baada yake, mwanachama mwingine Mweusi wa Opry hakupatikana mpaka Charley Pride, 1993. Hesabu mwenyewe.

REHEMA: Na Charley Pride huku kwetu tulikuwa tunamsikia redioni bila hata kujua kwamba ni Mweusi. Kwetu ilikuwa sauti tu.

BARASA: Hata huku, rekodi zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha, makusudi.

REHEMA: Mm. (kimya kidogo) Haya, jamaa wa pembeni.

BARASA: Jamaa wa pembeni! Anapiga lile gitaa la kulaza, la chuma, lenye pedali. Ile sauti inayolia kwenye kantri, inayoteleza, unadhani ni mtu analia kwa mbali? Ni yeye. Sasa nilikuwa naisikia tangu utotoni Bungoma sijawahi kujua inatoka wapi. Nikamwona kwa karibu kwenye kiklabu kimoja: amekaa kama fundi cherehani. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kizito anakitelezesha juu ya nyuzi, hakandamizi. Mkono wa kulia, dole gumba na vidole viwili vimevaa kucha za kuchomolea. Mguu mmoja uko kwenye pedali za kuvuta nyuzi, mwingine kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti. Na magoti, Rehema, magoti yanasukuma vyuma huku na huku chini ya meza! Mwili mzima unafanya kazi, lakini uso umetulia, utadhani anangoja basi.

REHEMA: Na mwimbaji anapata sifa.

BARASA: Mwimbaji anapata sifa. Ila sikiliza wanavyopokezana. Mwimbaji akimaliza mstari, jamaa anajibu kwa sauti mbili tatu, ananyamaza. Hagusi maneno. Kwenye redio ya mzee wako hilo jibu lilikuwa huko nyuma kabisa, hulisikii vizuri. Pale ukumbini linakupata kwenye shingo. Ndiyo maana nasema kantri ya jukwaani ni bendi, na ya redioni ni sauti.

REHEMA: Nakupa hiyo. Na hicho kiklabu ulilipa kiasi gani?

BARASA: Sufuri! Barabara ya Broadway, hapo nyuma ya Ryman, baa zimepangana, muziki kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane, nyingi hazina kiingilio. Bendi zinaishi kwa ndoo inayopitishwa. Unaweka noti, unaomba wimbo.

REHEMA: Si ni kutunza huko! Mama yangu ni mtu wa Mombasa, taarabu ikipamba moto anainuka na khanga yake na noti mkononi, anakwenda kwa madaha mpaka jukwaani. Mwimbaji anampokea huku anaimba.

BARASA: Ndicho hicho, ila Broadway hawana madaha. Mtu anatupa noti kwenye ndoo anarudi kwenye bia yake. Kusema kweli, mama yako angewafundisha kazi.

REHEMA: Twende roki. Maana hapo ndipo nakuona hueleweki. Mtu wa kukaa benchi la kanisa anasikiliza magoti ya mtu, unakwenda kufanya nini uwanjani na watu elfu hamsini?

BARASA: Roki kwangu ni kinyume chake. Kwenye rekodi, roki ni bendi: gitaa, ngoma, fundi wa studio. Ukifika uwanjani, bendi huisikii sawasawa. Upepo unabeba sauti, spika ziko mbali, ile ngoma unaiona mkono ukishuka kabla hujaisikia. Kilichobaki ni watu. Kazi ya mwanamuziki wa roki uwanjani ni kuwapiga watu kama chombo.

REHEMA: Mfano?

BARASA: Bruce Springsteen. Mzee wa New Jersey, ana zaidi ya miaka sabini na bado anakwenda karibu saa tatu. Wimbo unaisha, hajapumua, anahesabu moja mbili tatu nne, mwingine umeanza. Helsinki 2012 alipiga zaidi ya saa nne. Na kuna kitu anafanya ambacho sijaona kwa wengine: ukifika wimbo wake wa Born to Run, taa za uwanja zote zinawashwa. Zote, kama mechi imeisha. Ghafla unaona watu wote. Mpaka hapo ulikuwa gizani na wewe na jirani yako. Sasa unaona maelfu wanaimba, wazee wenye vipara, mabinti zao, muuza bia amesimama na trei. Huwezi kukaa kitako.

REHEMA: Huyo Springsteen si alikuja Afrika?

BARASA: 1988, ziara ya shirika la Amnesty ya haki za binadamu. Harare na Abidjan, pamoja na Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour. Sisi tulirukwa.

REHEMA: Tunarukwa kila siku. Lakini kwa hiyo hoja yako ya kupiga watu kama chombo, mfalme wake ni mtoto wa Unguja. Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar 1946. Uwanja wa Wembley, London, Julai 1985, tamasha la Live Aid la kuchangia njaa ya Ethiopia, bendi yake Queen walipewa kama dakika ishirini tu. Nimeitazama ile video mpaka watoto wangu wamechoka. Kuna mahali bendi yote imenyamaza, yeye anatoa sauti bila maneno, uwanja unarudisha. Anaipandisha, wanapandisha nayo.

BARASA: Umenimalizia hoja yangu, asante.

REHEMA: Sijamaliza, sasa naivunja. Umesema kantri ni ya kukaa na kusikiliza. Don Williams, Harare, 1997. Ilirekodiwa, ikatolewa kwa video. Jamaa na kofia yake, hana haraka, haruki, hapigi kelele. Na umati mzima wa Wazimbabwe unaimba kila neno. Hawasikilizi magoti ya mtu! Wanaimba. Na hapa Nairobi nenda ukamwone Sir Elvis, Elvis Otieno, kwenye klabu anapiga nyimbo za kina Reeves. Nusu ya kazi tunamfanyia sisi. Watu wamevaa mabuti na kofia pana, kiitikio kikifika hata weita ameweka trei chini. Afrika sisi kantri tunaifanya kama wewe unavyosema roki inavyofanywa.

BARASA: (kimya) Hiyo... hapana, hiyo ni kweli.

REHEMA: Rekodi isikike, Barasa amekubali.

BARASA: Kwa sababu tumezijua kwa maneno, tunazirudisha kwa maneno. Na vijana wa roki wa Nairobi je?

REHEMA: Nimewahi kwenda kuwaona Crystal Axis, wale wa pank, roki ya kasi na kelele. Ukumbi mdogo, joto, na wana wimbo kuhusu Nyayo House, lile jengo la serikali hapa Nairobi ambamo watu waliteswa. Pale huendi kuimba tu. Watu wanagongana mabega, lakini ukianguka mikono mitano inakuinua. Nilitoka masikio yanapiga mluzi mpaka kesho yake.

BARASA: Ulienda bila vizibo vya masikio? Dada, hilo silikubali. Roki inavuka desibeli mia moja kwa urahisi, na masikio hayana spea. Mimi viko kwenye mnyororo wa funguo. Ukivaa vile vya wanamuziki unasikia vizuri zaidi, maana vinashusha sauti yote bila kuifunika.

REHEMA: Nimesikia, daktari. Kero yako nyingine?

BARASA: Simu juu. Mtu mbele yangu amerekodi tamasha zima, mimi nimelitazama kupitia kioo chake kilichopasuka. Na tiketi: unaona bei, unabonyeza, unakuta ada ya huduma, ada ya ukumbi, ada ya sijui nini. Maegesho nayo. Ndiyo maana nikipata mzigo wa kwenda Denver nashukuru Mungu.

REHEMA: Denver kuna nini?

BARASA: Red Rocks, nje kidogo ya mji. Jukwaa liko kati ya miamba miwili mikubwa myekundu, watu kama 9,500 wamekaa kwenye mteremko. Lilifunguliwa 1941. Miamba ndiyo kuta, kwa hivyo sauti haipotei kama uwanjani. Roki pale nimesikia bendi NA watu. Shida ni kupanda tu, ni zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, Wamarekani wa pwani wanahema kwenye ngazi.

REHEMA: Mita 1,900? Hiyo ni kama hapa tu na kidogo! Mtu wa Eldoret angewauzia maji huku anakimbia.

BARASA: Nilipanda nikipiga stori kwenye simu, mzungu mmoja akaniuliza kama mimi ni mwanariadha. Sikumkatalia.

REHEMA: (anacheka) Basi nikija, nikapata viza, unanipeleka wapi? Moja tu.

BARASA: Opry. Tunakaa pembeni, upande wa lile gitaa la chuma.

REHEMA: Mimi nataka mahali pa kuimba.

BARASA: Opry watakuangalia.

REHEMA: Wataniangalia, kisha wataitikia. Tukutane wiki ijayo, tutaongea na fundi mitambo wa bendi za harusi hapa Nairobi, kwa nini kipaza sauti cha MC hukwaruza kila mara. Kwaherini.

BARASA: Kwaherini. Na vizibo, dada!

[Muziki wa kufungia]